Taa ya Baridi

Alhamisi, tarehe kumi na tatu Machi. Asubuhi hiyo kipimajoto cha dirisha la jikoni kilionyesha nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri. Anga lilikuwa jeupe bila wingu, upepo hakuna, na moshi wa kila nyumba kijijini ulipanda wima kana kwamba umefungwa kwa uzi huko juu. Elsy Niemelä alisimama dirishani na kikombe chake cha kahawa, akasali sala ya asubuhi, akaifupisha. Si kwamba hakuwa na la kuomba. Alikuwa amechoka tu, na uchovu wa majira hayo haukuwa ule wa kulala ukaamka mzima. Ulikuwa umemwingia mifupani kama unyevu unavyoingia katika kuni zilizoachwa nje.

Mchana alikuwa mpishi wa shule. Aliponda viazi, akasugua masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake, akapanguza meza. Jioni alikuwa fundi wa umeme wa magari. Kazi hiyo ya pili hakuzaliwa nayo. Karakana ilikuwa ya mumewe, Bertil, na Bertil alipofariki watu waliendelea kuleta magari mlangoni kana kwamba habari haijawafikia. Elsy, ambaye hadi wakati huo hakujua fyuzi nyingine ila ile ya jikoni, alijiandikisha shule ya jioni ya watu wazima mjini. Alisoma michoro ya nyaya kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na kabla ya kila somo aliinamisha kichwa juu ya dawati akamwomba Mungu ampe kuelewa, maana mikono alikwisha kumpa. Mungu alimpa kuelewa, taratibu. Nguvu za kufanyia kazi mbili hakumwongezea, na Elsy hakumlaumu. Hakukumbuka kama aliwahi kuziomba.

Jioni hiyo alikuwa anamsubiri mkwewe. Sakari alikuwa mume wa Annmari, binti yake wa pekee, na kazi yake ilikuwa kubeba wanafunzi wa vijiji vya kando ya mto kwa gari lake la viti tisa, kwa mkataba na halmashauri. Gari hilo ndilo lililowalisha wote: Sakari, Annmari, watoto wao watano, na wa sita aliyekuwa njiani. Kesho yake saa mbili asubuhi lilitakiwa kukaguliwa mjini. Lisipopita lingepigwa marufuku barabarani siku hiyo hiyo, na ofisi ya usafiri ilikwisha kumwonya Sakari kwamba akikosa safari ya shule mara moja nyingine, njia yake atapewa mtu mwingine. Na gari hilo lilikuwa na taa tatu zinazowaka kwenye dashibodi, usiku na mchana.

Katika bonde hilo la kaskazini ya mbali taa ya dashibodi haimshtui mtu. Kila gari lina waya mnene wa umeme unaoning'inia puani kama ulimi. Usiku waya huo huchomekwa kwenye nguzo uani ili injini isigande. Lakini hukakamaa kwa baridi, hutikisika gari linapokwenda, na polepole hukwaruza nyaya nyembamba zinazopita jirani yake, zile za vihisi, vidude vinavyopima kama maji ya rejeta yamepungua, kama maji ya kuoshea kioo yamekwisha, kama mafuta ya breki yameshuka. Waya wa kihisi ukichubuka hugusa bodi, na taa huwaka bure. Watu huiita taa ya baridi. Huibandika kipande cha tepu nyeusi, wakangoja Mei, barafu ya mto ivunjike na taa ijizimie.

Sakari aliliingiza gari karakanani jua likiwa bado juu ya misonobari. Chini ya tumbo la gari barafu ya barabarani ilikuwa imeganda kwa matabaka, nyeusi kama lami. Ndani, karibu na jiko la kuni, alikaa Verner, jirani, dereva mstaafu wa malori ya magogo. Alikuja karibu kila jioni kunywa kahawa ya Elsy kwa sababu, alisema, kahawa ya kwake haina mtu wa kubishana naye.

"Amani ya Mungu," Sakari alisema akivua glavu.

"Amani ya Mungu," wakajibu wawili.

Verner alinyoosha shingo akachungulia dirisha la gari. "He! Krismasi si ilishapita? Wewe mbona mti wako bado unawaka?"

"Cheka tu, mzee. Kesho mkaguzi hatacheka."

"Yule? Yule hata harusini kwake hakucheka. Nilikuwepo."

Sakari alimgeukia Elsy. "Mama, ni taa za baridi tu. Waya wa nguzo umezichubua nyaya. Wewe unganisha upya, zizime, basi."

"Neno 'basi' ni la mtu asiyelala kichwa kikiwa chini ya dashibodi," Elsy alisema. "Mafuta ya breki umeyaangalia?"

"Yamejaa. Yanaonekana hata kwa nje."

Elsy alifungua boneti akamulika tochi. Kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa cha plastiki iliyokuwa nyeupe zamani, sasa imekuwa rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Alama ya juu ilionekana, na kando yake mstari wa kahawia, umenyooka. Alipaswa kufungua kifuniko. Alilijua hilo. Lakini vifuniko vya zamani, katika baridi kama ile, hupasuka mkononi kama biskuti, na kingine angekipata wapi jioni ile? Mgongo ulikuwa unamuuma tangu masufuria ya mchana.

"Haya," alisema. "Yamejaa."

"Kwa nini ujitese, dada Elsy?" Verner alisema, akitumbukiza kipande cha jibini katika kahawa yake. "Waozeshe. Dakika tano tu, ukale, ukalale."

Kila mtu pale alijua maana yake. Mkaguzi anapogeuza ufunguo hutaka kuona taa zote za onyo zikiwaka, kisha injini ikinguruma zote zizime. Taa inayosumbua ukiikata waya, haiwaki kabisa, na mkaguzi anaona. Basi mafundi wa bonde wana ujanja wao: taa inayosumbua wanaifunga kwenye waya wa taa ya oili. Taa ya oili huwaka ufunguo ukigeuzwa na huzima injini ikiwaka, na ile nyingine inaifuata kama bibi harusi, neno lake mwenyewe halina tena. Hiyo ndiyo ndoa ya taa.

"Bertil aliozesha nusu ya wilaya," Verner aliongeza. "Mchungaji mzima hakumfikia."

"Bertil amepumzika," Elsy alisema. "Sifungishi ndoa leo. Sakari, nenda nyumbani ukamsaidie mwenzako. Ukikaa hapa utanihesabia pumzi."

Sakari alicheka, lakini si kwa macho. Alisimama kidogo mlangoni, akashika kitasa, akaachia. "Mama, kesho lazima lipite."

"Nimesikia."

"Lazima."

"Nimesikia, mwanangu. Funga mlango, joto linatoka."

Akaondoka. Verner alitupa gogo ndani ya jiko na moto ukanguruma.

Elsy alianza na nyaya za mbele. Waya wa nguzo ulikuwa umefungwa vibaya, ukipita juu ya kifundo cha nyaya za vihisi, na pale ulipogusa ulikuwa umetafuna tepu, ukatafuna ngozi za nyaya, hata shaba ikaonekana, imeota ukijani. Alikata sehemu mbovu. Hakuunga vipande, shule ya jioni alifundishwa kwamba kiungo juu ya kiungo ni kaburi juu ya kaburi. Alivuta nyaya mpya tatu kutoka kwenye vihisi, akazipitisha katika mpira wa ukuta wa injini, zikatokea miguuni pa dereva. Kisha akalala chali sakafuni mwa gari, miguu nje ya mlango, kichwa chini ya usukani, tochi mdomoni.

Hapo ndipo saa hupotea. Waya mwekundu uliopauka unafanana na wa kahawia uliopauka. Vumbi linaingia machoni. Skrubu moja ilianguka ndani ya koti lake, ikateremka hadi kiunoni, baridi kama kidole cha maiti, na Elsy hakuwa na nguvu hata za kuguna.

"Uko hai?" Verner aliuliza baada ya muda.

"Mm."

"Ukifa sema. Sipendi kukaa na maiti bila kujua."

"Nishikie ule mwisho wa waya, acha maneno."

Alichomeka waya wa maji ya rejeta, akakaa kitini, akageuza ufunguo. Taa ikawaka, ikahesabu kidogo, ikazima. "Asante, Bwana," Elsy alisema kwa sauti. Ilikuwa desturi yake. Tangu taa ya kwanza aliyoizima peke yake, hakuna kazi iliyotengemaa ambayo hakumshukuru Mungu kwayo papo hapo, hata kama mwenye gari amesimama anatazama saa. Akachomeka ya maji ya kioo. Ikawaka, ikazima. "Asante, Bwana."

Akachomeka ya mafuta ya breki. Ikawaka. Ikabaki inawaka.

Alipima waya kwa mita ya umeme tangu mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa mzima. Alikwenda mbele akachomoa soketi ya kihisi pale kwenye kikopo, akamwambia Verner atazame dashibodi.

"Imezima," Verner alisema.

Akairudisha soketi. "Sasa?"

"Imewaka. Basi kihisi kimekufa. Vitu vya plastiki hivi."

Elsy aliinamia kikopo. Karakana ilikuwa imepata joto na kifuniko cha kikopo hakikuwa tena kigumu kama kioo. Alikizungusha taratibu, kikakubali. Akamulika ndani.

Mafuta yalikuwa chini kabisa. Boya la kihisi lililala kwenye sakafu ya kikopo kama mtumbwi katika mto uliokauka. Na ule mstari wa kahawia aliouona kando ya alama ya juu haukuwa mafuta. Ulikuwa doa, la miaka ambayo mafuta yaliwahi kufika pale.

"Ee Mungu wangu," alisema, na halikuwa neno la bure.

Akachukua tochi akaenda nyuma ya gari, akapiga magoti, akalala ubavu. Barafu nyeusi ya chini ilikuwa imeanza kuachia kwa joto la jiko, ikianguka vipande vipande juu ya katoni alizotandika. Juu ya ekseli ya nyuma, pale barafu ilipodondoka, bomba jembamba la breki lilionekana, limekula kutu, limelowa. Tone lilikuwa linajikusanya. Alilingoja. Likaanguka kwenye katoni, likatanuka bila rangi. Akaligusa kwa kidole, akalisugua: utelezi wa mafuta ya breki. Msimu wote wa baridi barafu ilikuwa imelifunika jeraha hilo kama bandeji, huku linatoka kidogo kidogo.

Taa haikuwa ya baridi. Mbili zilikuwa za baridi, na katikati yao moja ilikuwa inasema kweli.

Sakari alirudi kabla Elsy hajainuka. Aliingia na baridi mabegani. "Zimezima?"

"Mbili," Elsy alisema kutoka sakafuni. "Ya tatu haizimi kwa sababu haina kosa. Bomba la nyuma linavuja."

Sakari alitazama katoni, kisha Verner, kisha katoni tena. "Bomba lipo?"

"Sina. Duka la vipuri limefungwa. Kesho likifunguliwa, wewe uko kwenye ukaguzi."

Kuni zilipasuka ndani ya jiko.

"Jaza mafuta," Sakari alisema hatimaye. "Jaza juu kabisa."

"Hadi asubuhi boya litashuka tena na taa itawaka, ukiwa barabarani au ukiwa mbele ya mkaguzi."

"Basi waozeshe, mama. Kesho tu. Lipite kesho, Jumamosi tunalala chini yake mimi na wewe tunabadilisha bomba, Jumatatu watoto wanapanda gari zima. Nani ameumia?"

"Barafu imeshadondoka, mkaguzi ataliona bomba."

"Nitalifikisha na barafu yake. Nitaliweka nje usiku, ligande upya. Hawapigi nyundo barafu, wana magari thelathini." Sauti yake ilikuwa imepanda. "Mama, wakinitoa kwenye njia, nifanye nini? Nikate miti kwa mgongo huu? Annmari anazaa Mei."

"Kijana anasema kweli," Verner alisema kwa upole. "Ni usiku mmoja."

Elsy aliinuka kwa kushika mlango wa gari. Alijua kila kitu ambacho angepaswa kusema. Alikuwa amechoka kuwa mtu wa kusema hapana. Shuleni aliwaambia watoto hapana, nyumbani aliwaambia hapana waliopiga simu, na sasa huyu, ambaye alimpenda, ambaye alimpasulia kuni zote za msimu bila kuombwa. Alifikiria kitanda. Alifikiria kimya.

Alimimina mafuta. Akalala tena chali chini ya usukani. Waya wa taa ya breki aliukata, akaumenya ncha, akautafuta wa taa ya oili, akaumenya kidogo ubavuni, akausokota huu juu ya ule. Mikono iliijua kazi hiyo kuliko alivyotaka. Akakaa kitini, akageuza ufunguo. Taa zote zikawaka kwa pamoja. Akawasha injini. Zote zikazima. Dashibodi ikawa nyeusi, safi, imetulia kama maji ya kisima.

Sakari alifumba macho akatoa pumzi ndefu.

"As..." Elsy alisema, na neno likagoma.

Alijaribu tena. Alifungua mdomo kama siku zote ili amshukuru Mungu kwa kazi iliyotengemaa, na ulimi ukalala. Haikuwa sauti wala ndoto, na Elsy hakuwa mtu wa kudai mambo kama hayo. Ilikuwa tu kwamba kwa taa hii hakukuwa na wa kumshukuru. Alimwona Mungu, kama anavyoweza kuonwa na mpishi aliyechoka, amesimama hapo karibu na jiko, akingoja kwa adabu aambiwe asante kwa jambo hili.

Akazima injini. Akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Mama?" Sakari alisema.

"Sitaweza kuliombea gari hili," Elsy alisema bila kuinua kichwa. "Jumatatu asubuhi mkipita dirishani kwangu, nitasema nini? 'Bwana, walinde, mimi nimewafumba macho'?"

Akashuka, akachukua playa, akarudi chini ya usukani kwa mara nyingine. Akazitenganisha zile nyaya mbili, akafunga tepu kwenye jeraha la ule wa oili, akarudisha ule mwingine mahali pake. Kisha akachomoa ufunguo akautia mfukoni mwa koti.

"Unanifanyia nini?" Sakari alisema. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni. "Kwa wengine wote, Bertil aliozesha. Kwa mkwe wake mwenyewe, sheria ya Musa!"

"Punguza sauti," Verner alisema.

"Wewe nyamaza, mzee! Wewe ndiye ulisema tuozeshe!"

"Nilisema. Na sasa nanyamaza, lakini wewe punguza sauti."

Mlango ulifunguliwa. Annmari aliingia tumbo mbele, sufuria mikononi, imefungwa kwa taulo. Watoto aliwaacha kwa mama yake Sakari. Alikuwa amepika madonge ya viazi yenye nyama ndani, na mvuke wake ukajaza karakana. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Nani amekufa?"

"Hakuna," Verner alisema. "Kila mtu ananiahidi hivyo."

"Breki zinavuja," Elsy alisema. "Gari haliendi kesho."

Annmari aliweka sufuria juu ya benchi la kazi, polepole, kama mtu anayeogopa kuivunja. Elsy aliona macho yake yakihesabu yale ambayo kila mama huhesabu. Kisha akamgeukia mumewe, na alichouliza si kuhusu njia wala mkataba.

"Pedali ilikuwaje?"

Sakari aliangalia viatu vyake.

"Sakari. Wewe ndiye unayekanyaga. Pedali ilikuwaje?"

"Laini," alisema.

"Tangu lini?"

"Januari." Aliketi juu ya tairi lililolala ukutani, kama mtu aliyekatwa kamba. "Ilikuwa inashuka kidogo. Nikaongeza mafuta, ikapanda. Nikasema ni baridi, mafuta yanasinyaa. Mwezi uliopita nikaongeza tena. Halafu taa zile mbili zikawaka pamoja nayo, na nikafurahi, Annmari. Nilifurahi kweli. Nikasema, unaona, ni waya."

"Jumapili tulikuwa sote ndani. Tuliteremka kilima cha kanisa."

"Ndiyo."

"Na watoto wa watu, kila asubuhi."

"Ndiyo. Kila asubuhi nilikuwa naikanyaga mara mbili kabla ya daraja. Mara mbili, ili ishike. Nilikuwa najua." Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Mama hakuwa na habari. Nilimwambia yamejaa."

"Niliona doa nikaliita mafuta," Elsy alisema. "Sikufungua. Hilo ni langu."

Annmari hakumkaribia Sakari. Alisimama mkono mmoja mgongoni, mwingine tumboni, na Elsy, aliyemzaa, alijua kwamba hasira yake ingekuja baadaye, jikoni, na ingekuwa haki yake. Kwa sasa alikuwa anapumua tu.

Kisha Sakari alisema, kwa sauti ndogo, maneno ambayo watu wa nyumba yao ya sala huyasema wanapofika mwisho wa kamba, iwe kanisani, kwenye bafu la mvuke au zizini: "Je, naweza kuamini kwamba nimesamehewa?"

Miongoni mwao hangojwi mchungaji. Aliye karibu ndiye hujibu. Elsy alikwenda, magoti yakilia, akaweka mkono wenye mafuta begani mwake, na Verner akanyanyuka kutoka kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza jioni hiyo, akaweka wake upande wa pili.

"Amini," Elsy alisema. "Kwa jina la Yesu na kwa damu yake, umesamehewa yote. Na mimi?"

"Na wewe, mama," Sakari alisema. "Yote."

"Na mimi niliyewashauri ndoa," Verner alisema, "msinisahau. Nina mdomo mkubwa."

"Na wewe, mdomo na mwenye mdomo," Elsy alisema, na Annmari akatoa sauti ambayo nusu yake ilikuwa kicheko.

Msamaha haukuliziba bomba. Tone liliendelea kuanguka nyuma ya gari, na kila aliyekuwemo alilisikia. Kesho ingekuja vilevile. Elsy angesimama jikoni mwa shule tangu asubuhi, kisha aende mjini kutafuta bomba, kisha alale chini ya ekseli, na huenda wakati huo njia ikawa imekwisha kupewa mtu mwingine. Hakujua familia hiyo ingekula nini Mei. Alijua tu kwamba jambo hilo sasa lingeweza kuombewa, na kwamba angelala kabla hajamaliza kuliombea.

"Basi utafanyaje?" Annmari alimuuliza mumewe. Alikuwa bado hajamsogelea.

Sakari alijibu kitu kwa sauti ya chini, akiangalia sakafu.

"Sisikii," Verner alisema. "Miaka arobaini ya lori imeniharibu masikio. Simama, useme kama mtu. Na usiape, hatuapi. Sema tu, sisi tutasikia."

Sakari alisimama. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele yake, na akasema akimtazama Annmari, kwa sauti iliyofika hadi kwenye mabati ya paa:

"Kesho saa mbili sitakuwa kwenye ukaguzi. Nitakwenda kwa basi hadi ofisi ya usafiri, niwaambie mwenyewe kwamba tangu Januari nimebeba watoto wa watu kwa breki nilizojua zinazama. Wakininyang'anya njia, sitabisha. Kisha nitapita kwa kila mzazi, nyumba kwa nyumba, niwaambie hivyo hivyo mlangoni. Gari hili halitoki humu mpaka mama aseme limepona. Na wewe, Annmari, siku yoyote nitakapohisi kitu mguuni, utajua kabla sijageuza ufunguo. Nimesema mbele yenu watatu."